Jozi Tano Mlangoni

Vyumba nilivyovifunga kwa moshi katika mitaa ya Eastlands siwezi kuvihesabu, na sitajaribu. Kimoja tu nilikifunga na mtu akiwa ndani, mzima, anapumua. Hicho ndicho nitakachokieleza. Vingine vyote vilikuwa kazi, na kazi niliijua.

Nilisoma mpaka darasa la pili, tena hilo la pili sikulimaliza. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na atakayeona herufi imepotea aipachike. Nilikuja Nairobi miguu mitupu. Sisemi kwa mfano. Nyayo zangu zilikuwa na nyufa za kuingia kokoto, na lami ya saa saba mchana ilinifundisha kutembea kwa kurukaruka kama kuku. Mshahara wangu wa kwanza nilikwenda nao moja kwa moja mpaka soko la Kariokor, nikanunua akala, zile ndara za mpira wa gari, nikazivaa pale pale mbele ya fundi. Baadaye nilinunua viatu vya ngozi. Kila asubuhi nilivipiga rangi mpaka nikaona meno yangu. Nimejenga ploti Kariobangi, nimesomesha watoto, na hakuna mtu wa kusema alinishika mkono. Najisifu, ndiyo. Lakini hivyo viatu nimevitaja kwa sababu nyingine, utaiona.

Kazi yetu ilikuwa ya dawa. Kunguni, mende, panya, viroboto, na chumba cha mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua. Watu walituita hivyo hivyo, watu wa dawa. Lori letu likiingia mtaani, kelele zilipungua kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, kama mtu anayeteremsha sauti ya redio. Wanawake walifunika sufuria. Vijana waliokaa ukutani walinong'ona, "Watu wa dawa wamekam," kisha wakanyamaza nao. Hakuna aliyetaka tusimame mlangoni kwake, kwa sababu jirani angeuliza: ni kunguni tu, au kuna mtu anakohoa?

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mfupi, mkuu wetu, aliyeanza enzi za mkoloni, miaka ya hamsini. Siku hizo, alisema, kazi kubwa ilikuwa tanuri la mvuke. Lilikuwa pipa la chuma refu kama behewa, lenye mlango kila upande. Upande mmoja unaingiza mablanketi na nguo za watu wenye maradhi au wadudu, upande wa pili unazitoa zikiwa moto na zimenyauka. Wenyewe walisubiri nje wamejifunga gunia. Mimi nilipoajiriwa tanuri lilikuwa bado lipo uani kwetu, limekufa, limeota kutu. Nyuma yake palikuwa na stoo yenye rafu, na kwenye rafu mablanketi yaliyokunjwa vizuri, kila moja na kibati chake cha nambari. Nilimuuliza mkuu mbona hayajachukuliwa.

"Wenyewe hawakurudi," alisema.

"Walihama?"

"Wewe yaache hapo yalipo."

Nikayaacha. Lakini kila niliposhika ufagio nikafagia stoo ile, nilifagia haraka.

Moshi wetu ulikuwa wa salfa. Kwa asiyejua: unatoa chakula, unatoa vyombo vya chuma, unabandika vipande vya magazeti kwenye dirisha na kila tundu la hewa kwa gundi ya unga wa ngano. Unarushia kuta maji, maana moshi hushika penye unyevu. Kisha unaweka karai la unga wa salfa juu ya matofali katikati ya chumba, unamwagia spiriti kidogo, unawasha, unatoka ukirudi nyuma, unafunga mlango na kuubandika nao. Salfa haiwaki kama moto wa jikoni. Inawaka buluu, moto mfupi usio na sauti, unatambaa juu ya unga kama kitu kinachotafuta kitu. Chumba kinakaa hivyo saa sita nzima. Mtu akibaki ndani hatamaliza hata nusu ya saa moja.

Na nje lazima mtu akae kulinda mlango. Hapo ndipo unapoisikia ile mvua. Wadudu wanatoka kwenye nyufa, wanapanda darini kukimbia moshi, na moshi unawakuta huko. Wanaanguka mmoja mmoja, kisha kumi kumi, juu ya magazeti tuliyotandika sakafuni. Ta, ta, ta-ta-ta. Jua linawaka, anga halina wingu, na ndani ya nyumba mvua inanyesha. Wenye nyumba wakisikia hawaongei. Nimeona wanaume wakubwa wakisogea mbali na ukuta.

Sasa, kuhusu kuhesabu. Kabla ya kufunga lazima ujue kila mtu ametoka. Lakini watu wa mitaa ile, wawe wametoka magharibi, Ukambani au kwetu, hawapendi kuhesabiwa. Ukinyoosha kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, mama wa nyumba atakushika mkono. Watu si mbuzi. Na katika nyumba iliyotoka msibani, kuwahesabu waliobaki ni kama kuulizia nani anafuata. Mkuu wetu alipata njia. Viatu lazima vinyunyiziwe dawa, kwa sababu kunguni hutaga penye mshono. Basi kila anayetoka anavua viatu vyake, anavipanga mstari kando ya mlango, anakwenda kukaa kwenye mkeka. Unauliza mama, mko wangapi? Hapo anakujibu mwenyewe bila ubaya. Unahesabu jozi. Zikilingana, unafunga. Na mtu wa Nairobi haendi mbali akiacha viatu vyake, kwa hiyo hakuna wa kupotea wala wa kurudi ndani kisirisiri.

Niliifuata kanuni hiyo miaka mingi na haikuniangusha hata siku moja. Mkuu alipostaafu nikawa mimi ndiye mkuu, bila cheti, na wenye vyeti wakiwa chini yangu. Niliwaambia, mimi sihitaji daftari, nipe jozi tu.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwaka mmoja au miwili kabla ya ile mvua kubwa iliyobomoa barabara. Mtaa siutaji, wenyewe bado wapo. Ni zile nyumba za zamani za chumba kimoja kimoja, kuta nene, milango inatazamana uani, bomba moja la wote. Tulikuwa wawili, mimi na dereva wangu, mtu wa Ukambani aliyechonga vinyago jioni na kunitania mchana. Tuliitwa na mjane. Mumewe, kibarua wa kiwandani kutoka magharibi, alikuwa amekufa kwa kifua miezi kadhaa nyuma, wakamzika kwao. Sasa kunguni walikuwa wamezidi, na majirani walikuwa wameanza maneno kwamba si kunguni, ni ule ugonjwa umebaki ukutani. Alitaka moshi upite watu waone.

Tulimkuta mlangoni akibishana na mama mkwe wake. Kikongwe huyo alikuwa ameletwa mjini kutibiwa macho. Alikuwa mdogo, mweusi ti, amejifunga leso mbili, na Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache. Mjane alikuwa akimwambia, "Mama, toka nje kidogo. Toka. Nyumba inatiwa dawa."

Kikongwe alishika fremu ya mlango. "Nyumba ya mtoto yangu," alisema. "Mimi nitoke, niende wapi?"

"Ni leo tu, Mama, jioni tunarudi."

"Nilijua. Mtoto amekufa, sasa unatoa mama."

"Mungu wangu! Mzee," mjane akanigeukia mimi, "mwambie wewe, labda atakusikia."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti ya mkuu, kama nilivyowaambia watu wote: toka, Mama, haraka, kazi inangoja. Shemeji wa mjane, mdogo wake marehemu, akamwambia kwa lugha yao. Kikongwe akaachia fremu, akatoka polepole akipapasa ukuta, akaenda kuketi kwenye ukingo wa bomba, akatupa mgongo. Alisema neno kwa lugha yao, shemeji akacheka kidogo bila furaha.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema basi atarudi kwao kwa miguu."

Nikaingia ndani nikakagua. Kitanda kimoja kirefu kilichoinuliwa kwa matofali, nyuma ya pazia. Nilipiga magoti nikatazama uvunguni: masanduku, beseni, gunia la mahindi ambalo nililitoa. Hakuna mtu. Nikatoka kukoroga gundi, dereva akapanda ngazi kubandika dirisha kwa nje. Hapo katikati, kati ya kukagua na kuwasha, palipita muda wa kukoroga ndoo moja ya gundi. Nimeuwaza muda huo mara nyingi. Mgongo wangu ulikuwa mlangoni.

Kisha nikamuuliza mjane, "Mama, mko wangapi nyumba hii?"

"Tuko watano. Mimi, wasichana wangu wawili, shemeji, na mama."

"Wote wametoka?"

"Wote wametoka, si umeona?"

Nikatazama mstari. Malapa ya mjane. Jozi mbili za viatu vya plastiki, za wasichana. Viatu vya shemeji vilivyopinda kisigino. Na mwisho kabisa, karibu na mlango, akala kubwa. Jozi tano. Nikavinyunyizia dawa vyote, nikabeba karai, nikaingia, nikawasha. Moto wa buluu ukaanza kutambaa. Pazia lilikuwa limefungwa. Mimi nakumbuka nililiacha wazi nilipokagua, au nilidhani nililiacha wazi. Nilisema moyoni, upepo. Nikarudi nyuma, nikafunga mlango, nikabandika.

Nikaketi juu ya debe, dereva akakaa juu ya ngazi. Wasichana walikuwa kwenye mkeka wa jirani, miguu mitupu, wakijikunyata. Bombani hapakuwa na mtu. Sikujali. Mtu aliyekasirika huenda akakasirikie kwa jirani.

Mvua ikaanza. Ta. Ta. Ta-ta.

"Wengi leo," dereva alisema. "Hawa ni wa kuuza kwa debe."

Uani palikuwa pamenyamaza. Mwanamke mmoja ng'ambo aliingiza watoto wake ndani na kufunga mlango. Mbali kidogo mafundi waligonga mabati, na kila walipopumzika mvua ya ndani ilisikika vizuri zaidi. Kisha nikasikia sauti nyingine. Tok, tok, tok. Kimya. Tok, tok, tok.

"Panya," nikasema.

Dereva hakunitania. Alikuwa amenyanyua kichwa. "Panya gani huyo anapumzika?"

"Ni panya anajitupa. Nimewasikia kabla hujaoa."

"Mkuu, huyo anagonga mbao."

"Nimesema panya."

Ndivyo nilivyosema. Siwezi kulifuta neno hilo kwa hiyo naliandika. Lakini macho yangu yalitafuta kitu cha kunipa haki. Yakaenda kwenye mstari wa viatu. Tano. Nikahesabu tena. Tano. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, na bado nilitazama.

Jua lilikuwa limekausha dawa kwenye malapa na viatu vya plastiki. Kwenye akala haikukauka. Ilikuwa imegeuka tope. Nikainama. Pale panapokaa kisigino palikuwa na vumbi la miezi, lililolowa sasa hivi, na kwenye ukanda wa mbele, panapopita vidole, buibui alikuwa amefuma nyumba yake akaijaza mayai. Hakuna mguu uliokuwa umeingia mle kwa siku nyingi sana.

"Akala hizi ni za nani?" niliuliza.

Mjane alinitazama. Aliyejibu ni msichana mkubwa.

"Ni za baba."

"Baba yako yuko wapi?"

"Si tulimzika," alisema, akashangaa kwamba sijui.

Mjane akaanza kusema haraka haraka. "Mzee, mimi nimeziacha hapo tangu afe. Shemeji analala kazini siku nyingi, sisi ni wanawake watupu. Mwizi akipita akiona akala kubwa mlangoni anajua kuna mwanamume ndani. Sikuzipanga mimi, ziko hapo kila siku, ni mahali pake…"

Sikusikia mengine. Watano walio hai, jozi tano mlangoni, na mmoja katika wale wa mlangoni yuko kaburini. Maiti alikuwa amesimama kwenye mstari wangu nikamhesabu kama mtu, na mahali pake mtu alikuwa amekosa kuhesabiwa.

"Nyanya yenu anavaa viatu gani?"

"Nyanya havai viatu," alisema yule mdogo.

Tok, tok. Mara hii mbili tu.

Mimi sikumbuki kusimama. Nakumbuka magazeti yakichanika na kucha yangu ikibaki kwenye gundi. Dereva alipiga kelele nivae kifaa cha uso, lakini mpira wake ulikuwa umepasuka siku nyingi. Nililowesha koti langu kwenye ndoo nikalifunga mdomoni, nikapiga mlango kwa bega.

Ndani palikuwa na ukungu mweupe, na chini kabisa, katikati, mwanga wa buluu. Macho yalijaa moto mara moja. Mende walininyeshea kichwani na mabegani. Nilipita kando ya karai nikavuta pazia, na pazia likanishukia lote. Kikongwe alikuwa ameketi juu ya kitanda, ameegemea ukuta, amejifunika blanketi kuanzia kichwani, kama mtu anayesubiri jambo liishe. Hakutikisika. Kilichotikisika kilikuwa blanketi. Kunguni walikuwa wakipanda juu yake kwa mamia, wakitoka kwenye ukuta na kitanda, wakikimbilia kitu pekee ndani ya chumba kile kilichokuwa bado na joto na hewa. Mkono wake mmoja ulikuwa nje ya blanketi, umeshika kijiko cha mbao, na kijiko kilikuwa kimelala kwenye ubao wa kitanda.

Nilifikiri amekufa. Niseme ukweli, nilifikiri pia juu ya kazi yangu, kwa pigo moja la moyo. Kisha nikambeba. Alikuwa mwepesi kama kuni kavu, na nyayo zake zilinigusa tumboni. Nilizijua nyayo zile. Zilikuwa na nyufa za kuingia kokoto.

Nje tulimlaza kwenye mkeka. Alikuwa wa rangi ya majivu. Mjane alimpigapiga mgongo akimwita Mama, Mama, Mama, na wasichana wakalia. Dereva alikuwa amevua kofia, nikamwambia airudishe kichwani. Shemeji alimwinua kichwa. Hakuna kitu. Uani watu walikuwa wametoka milangoni mwao na hakuna aliyesogea, maana waliona yale waliyoyaogopa muda wote, kwamba watu wa dawa wakifunga nyumba, anayebaki ndani hatoki.

Ndipo alipokohoa. Alikohoa kikohozi kibaya, cha kurarua, akatapika maji ya njano kwenye viatu vyangu vya ngozi, akavuta hewa kwa sauti ya mlango mkavu. Jirani akaleta maziwa. Alikunywa, akatapika, akanywa tena. Tulitaka kumpeleka hospitali kwa lori letu, akamshika shemeji na kukataa. Tulikaa naye kivulini mpaka pumzi ikanyooka na macho yakamfunguka, mekundu kama nyanya zilizoiva.

Aliongea kwa lugha yao, akinielekezea kidevu.

"Anauliza kama wewe ndiye ulimfungia," shemeji alisema.

"Mwambie ndiye."

"Anasema alirudi ndani kwa sababu ulisema toka kama mwenye nyumba. Akasema moyoni, wakinikuta kitandani kwa mtoto wangu watanibeba, sitatoka kwa mguu wangu."

"Mwambie hakuna aliyekuwa anamtoa."

Shemeji alisema. Kikongwe alisikiliza, akauliza tena.

"Anasema, kwa nini hukumhesabu."

Mjane aliinamisha kichwa. Ningeweza kusema ni yeye, kwa akala zake za kutisha wezi. Lakini neno la kuhesabu lilikuwa langu.

"Mwambie nilihesabu viatu."

Kikongwe alitazama viatu vyangu, vile vinavyong'aa, vimetapakaa matapishi. Akatazama miguu yake. Halafu akageuka kwenye mstari, akanyoosha mkono, na kabla mtu hajaelewa alikuwa amevuta zile akala kubwa. Alizipangusa kwa leso, ndani na nje, buibui na mayai yake. Akaingiza miguu. Akasimama kwa kushika bega la shemeji, akaliacha, akatembea.

Sauti ya akala kwenye saruji ni vigumu kuisahau ukiishi uani kama ule. Kila mwanamume ana yake. Pa, kisha mburuto, pa, kisha mburuto. Uani kote watu walikuwa wamerudi ndani kwa aibu ya kukodoa macho, na sasa nikaona mlango mmoja ukifunguka kidogo, halafu mwingine. Mwanamke wa ng'ambo, yule aliyeingiza watoto, alisema kutoka gizani kwake, "Huyo ni nani anatembea?" Sauti yake ilikuwa imepanda juu. "Mama watoto, huyo ni nani anatembea hapo nje?"

Mjane alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili. Wasichana waliacha kulia. Kikongwe alikwenda mpaka bombani, pa na mburuto, akanawa uso, akarudi, pa na mburuto, mwendo ule ule, nikaona kwenye macho ya mjane kwamba ulikuwa mwendo wa marehemu kabisa. Kisha akaketi mkekani na akala zake miguuni na hakuzivua.

Chumba tulikifukiza tena baada ya siku mbili, kwa sababu kunguni walikuwa hawajaisha, na watu bado walikuwa na maneno. Kikongwe alitoka mwenyewe, na nilimshika mkono mpaka mwisho, watu wakicheka. Pale karibu na mlango, mahali pa akala, palikuwa na alama mbili safi kwenye saruji. Mjane hakuweka kitu kingine. Aliniambia hakuna haja, kwa kuwa mtaa mzima sasa unaamini kuna mwanamume anatembea pale.

Kosa hilo nilikwenda kulisema mwenyewe ofisini. Sikuwahi kumficha mtu deni la mkono wangu, na sikutaka kuanza uzeeni. Walinikaripia, wakaniandikia barua ya Kiingereza ambayo binti yangu alinisomea, wakaniacha. Kilichoniuma hakikuwa barua. Nilikuwa nimeingia mji huu miguu mitupu, nimelala penye baridi miguu mitupu, nimefukuzwa milangoni kwa sababu ya miguu hiyo hiyo, na bado nikaja nikatumia kanuni isiyomjua mtu asiye na viatu. Mkuu aliyeibuni alizaliwa mjini, angesamehewa. Mimi je?

Kwa hiyo mpaka tulipopunguzwa kazi, nilifanya namna nyingine. Watu wakishatoka, viatu vikishapangwa, karai likiwa tayari, nilivua viatu vyangu vya ngozi na soksi nikaviweka mwisho wa mstari. Kisha niliingia chumbani miguu mitupu, pazia kwa pazia, nikipapasa kila kitanda kwa mkono, nikiita kwa Kiswahili, halafu kwa lugha yetu, halafu kwa maneno mawili matatu ya magharibi niliyofundishwa na yule shemeji. Saruji ya nyumba zile ni baridi hata Januari. Unasimama katikati, kuta zimeloweshwa, zinadondosha, na unahisi kuna mtu anashusha pumzi mahali ambapo macho yamepita.

Dereva alikuwa akichoka. Alisimama nje na kiberiti mkononi.

"Mkuu, jozi sita, na watu sita. Zako saba. Zimetimia! Toka tufunge!"

"Ngoja," nilimwambia kutoka uvunguni. "Bado natafuta."